Kulinda Mtandao wa Wi-Fi Nyumbani na Kazini

Anza na ruta yenyewe, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio na ubadilishe nenosiri la msimamizi lililowekwa kiwandani, kwa sababu maneno hayo hufahamika na watu wengi, na anayeingia humo anaweza kubadilisha kila kitu bila wewe kujua.

Kisha angalia aina ya usimbaji, yaani njia ya kuficha data ili wengine wasiisome. Aina ya zamani iitwayo WEP ilithibitishwa kuwa dhaifu tangu mwaka 2001, hivyo haifai kabisa. Chagua WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, au WPA2 yenye AES (mbinu imara ya kusimba data) iwapo vifaa vyako ni vya zamani. Hata hivyo, WPA2 hailindi nenosiri fupi: mvamizi anaweza kunasa mawasiliano ya kifaa kinapojiunga, kisha akabahatisha maneno kwa kompyuta yake akiwa mbali na mtandao wako. Kwa hiyo tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, yenye jumla ya herufi 16 au zaidi. Zima pia WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri, ambayo namba yake ya siri ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, na hivyo kubaki majaribio 11,000 tu ya kuibahatisha.

Katika biashara, nenosiri moja kwa wafanyakazi wote ni hatari ninayoiona kubwa kuliko zote, kwani anayeacha kazi huondoka nalo. Mpe kila mtu utambulisho wake kupitia WPA-Enterprise, aina ya WPA iliyokusudiwa mashirika, na uwatengee wageni mtandao usiofikia kompyuta za ofisi. Sasisha programu ya ruta kila toleo jipya linapotolewa.