Kabla hujafiti chochote: jinsi ninavyochambua data za leza ya femtosekunde

Mwanafunzi akinijia na data za leza ya femtosekunde (elfu moja za hizo ni pikosekunde moja, yaani sehemu ya trilioni ya sekunde), swali la kwanza ni lilelile: "Dada, niweke ekisponenti ngapi?" Anamaanisha mikondo mingapi ya kufifia, kila mmoja na muda wake, ijumlishwe ili ifuate data. Namwambia afunge kwanza programu ya kufiti, yaani ya kuoanisha mikondo hiyo na data, anionyeshe data ghafi.

Tuchukue beta-karotini, ile rangi ya karoti, iliyoyeyushwa kwenye heksani. Tabia yake inajulikana vizuri, ndiyo maana napenda kuifundishia. Mpigo wa leza wa nanomita 490 unasisimua molekuli, kisha mpigo wa mwanga mweupe unakuja nyuma yake kupima kilichobadilika. Ucheleweshaji unapangwa kwa vioo vinavyotembea juu ya reli. Kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, milimita 1 ya reli ni kama pikosekunde 6.67. Mwisho wa siku una jedwali: nyakati upande mmoja, urefu wa mawimbi upande wa pili, na ndani yake mabadiliko ya ufyonzaji.

Usijumlishe mizunguko ya vipimo kabla ya kulinganisha wa kwanza na wa mwisho. Karotini huharibika kwa mwanga na oksijeni. Ishara ikiwa imefifia kati ya mizunguko hiyo miwili, wastani wako utachanganya sampuli nzima na iliyochoka. Kisha toa wastani wa nyakati zilizo kabla ya sifuri, yaani kabla mipigo miwili haijakutana, ili kuondoa leza iliyotawanyika. Pale karibu na 490 kelele itabaki hata hivyo. Kata nguzo (safu wima za jedwali) hizo kabisa, na picha ibaki na pengo. Sipendi mtu anayeziba pengo ili grafu ipendeze.

Sasa sehemu inayokula muda. Mwanga mwekundu hupita kwenye kioo haraka kuliko wa buluu, kwa hiyo rangi za mwanga mweupe hazifiki kwenye sampuli pamoja. Tofauti huwa mamia ya femtosekunde, na vioo vikiwa vingi huzidi pikosekunde. Maana yake kila urefu wa wimbi una sifuri yake. Pima heksani tupu, kwenye kikombe kilekile na kwa nishati ileile. Kila rangi itatoa mtikisiko mfupi mipigo miwili inapokutana. Weka alama katikati ya kila mtikisiko, pitisha polinomia ya daraja la pili au la tatu, kisha sogeza nyakati za kila nguzo. Upana wa mtikisiko unakudokezea pia uwezo wa mtambo wako wa kutenganisha nyakati, tuseme femtosekunde 120.

Fanya hivyo kabla ya SVD, hesabu inayoonyesha data zina vijenzi huru vingapi. Data ambazo sifuri zake hazijanyooshwa zitakuonyesha vijenzi vitano pale penye vitatu, na utavitafutia maelezo ya kikemia bure.

Baada ya hapo ndipo tunafiti, nguzo zote kwa pamoja zikitumia muda mmoja wa kuishi kwa kila kijenzi. Glotaran, iliyotoka Vrije Universiteit ya Amsterdam, ni ya bure na inatosha. Python pia inatosha. Anza na vijenzi viwili, tazama mabaki, yaani tofauti kati ya data na ulichofiti. Yakiwa na umbo, ongeza cha tatu. Yakiwa kelele tupu, acha hapo. Ukiona vijenzi viwili vyenye muda unaokaribiana na ukubwa wa kutisha, kimoja chanya kingine hasi, umezidisha.

Kwa karotini utapata takriban femtosekunde 150, nusu pikosekunde, na pikosekunde 9. Ya kwanza ni hali ya S2 (hali ya pili ya msisimko) ikishuka kwenda S1 (ya kwanza), ya mwisho ni S1 ikirudi chini. Hiyo ya katikati ndiyo huwapoteza watu. Spektra yake ni chanya upande mwekundu na hasi kwenye kilele cha karibu 560, wao wakatangaza hali mpya. Kumbe ni S1 ileile ikipoa: mkanda wake unakuwa mwembamba na kusogea kuelekea buluu. Kupoa huko hata si ekisponenti halisi, namba hiyo ni makadirio tu.

Jambo lingine: ukipanga vijenzi vishuke sambamba au kimoja kizae kingine, mabaki yatakuwa yaleyale kabisa. Kufiti hakuwezi kukuchagulia. Kinachoamua ni kemia unayoijua, na spektra zinazotoka kama zina mantiki. Na muda wowote mfupi kuliko uwezo wa mtambo, andika "chini ya femtosekunde 120", usiandike 43.

Punguza nishati ya leza nusu, urudie. Ishara ipungue nusu, nyakati zisibadilike. Zikibadilika, unasisimua kupita kiasi.

Ukiipata ile 9, hamia kwenye sampuli yako. Ukipata kama 4.5, kagua mpangilio wa reli: huenda programu inahesabu mwanga kwenda bila kurudi.