Harusi ichomwe kwenye diski gani?

Kabla hujafungua programu ya kutengenezea diski, muulize mteja ana deki gani nyumbani. Mimi napiga video za harusi na unyago hapa Mtwara, na wateja wangu wengi wa Newala na Tandahimba wana deki ya DVD tu. Blu-ray, diski ya picha kali kuliko DVD, haisomeki humo hata uichome vizuri namna gani, maana inataka leza ya buluu-zambarau na deki ya DVD ina leza nyekundu.

Je, programu hiyo iwahi kupokea fomati mpya, yaani aina mpya ya diski? Iwahi, mradi isikulazimishe. Walioikimbilia HD DVD, diski iliyoshindana na Blu-ray, mwaka 2006 waliachwa njia panda Februari 2008, Toshiba ilipoiacha. Aliyetunza video yake halisi hakupoteza kitu.

Basi rekodi na hariri kwa ukubwa wa pikseli 1920 kwa 1080, faili ulihifadhi kwenye diski kuu (hard disk) mbili tofauti. Hiyo ndiyo mali. Kutoka hapo toa nakala ya DVD, 720 kwa 576. Diski ya kawaida inabeba GB 4.7, kwa hiyo sherehe ndefu igawe mbili. Ukiibana kwenye diski moja, wachezaji ngoma wakianza kukatika, picha inageuka viboksi, na bibi harusi atakusema mji mzima! Jaribu kwanza kwenye diski ya kufutika, kwenye deki kuukuu, si kompyuta yako.

Blu-ray, ya GB 25, mchomee anayeiomba mwenyewe. Hela ya diski atangulize.