Kabla ya kutuma maombi Marekani: jua faili lako linavyosomwa

Afisa udahili wa chuo cha Marekani hupewa kanda, mara nyingi yenye nchi nyingi. Huenda NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, anaifahamu. Lakini shule yako afisa huyo haijui, na hapo ndipo vijana wetu wengi hodari wanapopotea, kwa sababu alama hupimwa kwa kuangalia shule aliyosoma mwombaji ilikuwa na nini.

Kwa hiyo anza na wasifu wa shule: karatasi moja au mbili zinazoeleza idadi ya wanafunzi, tahasusi zilizopo, matokeo ya miaka ya karibuni na jinsi madaraja yanavyopangwa. Shule nyingi hazina. Mfuate mkuu wa shule mapema, hata ikibidi umpelekee rasimu aipitie. Suala la pointi liandikwe waziwazi. Kwa Kidato cha Sita, daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, na zikipungua ndiyo ufaulu umepanda. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, ni kinyume, A ina pointi 12. Msomaji aliyetoka kwenye faili la Nairobi anaweza kuona pointi 4 zako akadhani umefeli. Na usijigeuzie alama kuwa GPA, yaani wastani wa alama wa Kimarekani. Zipeleke zilivyo, chuo kikitaka zitafsiriwe, kitakuelekeza kwenye taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, kama WES.

Matokeo ya Kidato cha Sita kwa kawaida hutoka Julai, ilhali maombi ya vyuo vingi hufungwa mwanzoni mwa Januari. Andaa cheti cha Kidato cha Nne, ripoti za mihula na makadirio ya walimu. Majina yafanane na ya pasipoti.

Barua ya mwalimu isemayo una nidhamu na bidii haimsaidii msomaji, maana kila barua inasema hivyo. Mkumbushe mwalimu siku uliyobishana naye kuhusu jibu la fizikia, au kipindi ulichowafundisha wenzako. Insha ya Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, haizidi maneno 650. Kwenye shughuli, usione haya kuandika kwamba unalea wadogo zako au unauza dukani kwa mama jioni: majukumu ya familia yana nafasi yake kwenye fomu, na huhesabika kweli.

Fedha ni sehemu ya tathmini, na ni vyema uambiwe mapema. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huamua bila kuangalia uwezo wa familia, hata kwa mgeni. Vyuo vilivyo vingi huangalia, na kiasi unachoomba kinaweza kuamua jibu. Kaa na wazazi, pateni kiasi cha kweli, kwa kuwa kabla ya kupewa fomu ya I-20 ya kuombea viza utatakiwa kuthibitisha fedha za mwaka wa kwanza. Ada ya maombi ikikushinda, iandikie ofisi ya udahili uombe msamaha wa kutoilipa. Vyuo vingi huutoa kwa anayeeleza hali yake.