Kabla hujatoa hela ya sungura wa mbegu soma hii kwanza

Mimi nilishapigwa. Nilinunua watoto wanne weupe pee, naambiwa ni aina ya Kalifonia, miezi ikakatika hakuna hata mmoja aliyeota weusi puani. Kumbe Kalifonia akizaliwa anakuwa mweupe tu kama aina ile nyingine, Nyuzilandi, ule weusi wa masikio, pua, miguu na mkia unakuja taratibu anavyokua na unafata baridi, yaani sehemu za mwili zinazopoa ndo zinakolea, ndo maana wa huku kwetu Uyole, Mbeya, kwenye baridi la mwezi wa 7 anakuwa na pua kama kachungulia sufuria ya kuni, ila mpeleke joto la Kyela akae huko anaweza akapauka. Kwa hiyo usinunue mdogo sana, subiri afike miezi miwili hivi, na omba kuwaona baba na mama.

Nyuzilandi mweupe ni mwili mzima mweupe na macho mekundu. Ukiona macho meusi hapo kuna kitu kimechanganyika. Halafu jina lisikuzuge, huyo katengenezwa Marekani, sawa na Kalifonia ambaye mfugaji George West alianza kumchanganya mwaka 1923. Wote wanafika kilo 4 na kitu, wanakua haraka, kama unataka nyama ishia hapo tu.

Chinchila huyu ndo nampenda mimi. Kwa mbali ni rangi ya majivu tu, sasa mshike umpulize manyoya ubavuni, yanafunguka duara: chini kijivu cha kuiva, katikati kweupe, nchani kweusi. Usipoyaona hayo ni kijivu wa kawaida huyo, usilipe bei ya mbegu.

Flemish Giant, lile jitu la Ubelgiji, kilo 6 na kuendelea, watu wanampenda kwa picha. Sawa, ila anakula balaa, anachelewa kukomaa, na ukimweka kwenye sakafu ya waya nyayo zinatoka vidonda, mwekee ubao. Dachi ni kadogo, kilo 2 na kitu, kana mkanda mweupe mabegani, watoto wa nyumbani watakapenda.

Baridi yenyewe ya Mbeya haiwasumbui wakubwa, kinachoua ni upepo na unyevu, funga turubai upande unaopuliza na nyasi ziwe kavu. Na siku ya kununua beba mizani yako, ile ya muuzaji mwachie mwenyewe.