Kuchagua vipuri vya kompyuta ya mezani Kampala: anza na umeme

Miongozo mingi ya kuunda kompyuta huanza na prosesa, ikahamia kwenye kadi ya grafiki, na pawa saplai (kisanduku kinachogawia vipuri umeme) ikatajwa mwishoni kwa sentensi moja. Walioiandika wanaishi mahali ambapo soketi ya ukutani haina visa. Sisi tunaounda mashine hapa Kampala, na kuzipokea tena zikirudi zimeungua, tuna mpangilio mwingine: kwanza umeme, pili vipuri unavyoweza kubadilisha mjini bila kungoja mzigo wa Dubai, na kasi baadaye.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike jina la prosesa

Chukua karatasi uandike mashine itafanya nini siku ya kawaida. Mtu wa Excel, barua na intaneti hahitaji kadi ya grafiki hata kidogo. Prosesa yenye grafiki ndani, RAM ya GB 8 (16 mfuko ukiruhusu) na SSD (diski ya haraka isiyo na kitu kinachozunguka) vinamtosha kwa miaka. Mbunifu wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, anayefungua CorelDRAW na Photoshop kwa pamoja, na faili za mabango makubwa, anahitaji RAM kabla ya kitu kingine chochote. Mhariri wa video za kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Waganda) na harusi ndiye mwenye mzigo mzito: kore nyingi, kadi ya grafiki, na mahali pa kuweka picha za kamera mbili zilizorekodi kutwa. Kwa mcheza gemu, skrini ndiyo huamua. Kama ni ya 1080p, kadi ya daraja la kati inatosha, na aliyekuambia ununue kubwa zaidi pengine ndiye anayeiuza.

Hatua ya 2: Umeme

Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Hayo ni ya karatasini. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kwisha, lakini radi za upande wa Ziwa Victoria hazikusaini mkataba na mtu. Umeme ukikatika ghafla, unapoteza kazi ambayo hukuihifadhi. Ukirudi kwa kishindo, unaweza kupoteza mashine yenyewe.

Kwa hiyo hesabu wati. Chukua prosesa ya Intel Core i5-12400: imeandikwa wati 65, lakini ikikazana hufika 117. Ongeza kadi ya RTX 3060, wati 170. Feni, diski, RAM na madabodi (ubao mkuu unaobeba vipuri vyote) uzipe wati 50. Jumla ni karibu 340. Hapo nunua pawa saplai ya wati 550, ambayo ndiyo Nvidia wenyewe, waundaji wake, wanaipendekeza kwa kadi hiyo. Ile nafasi inayobaki si anasa, kwa sababu pawa saplai inayokimbia mwisho wa uwezo wake muda wote hupata joto, na joto ndilo linaloila.

Ukifika dukani usisome namba kubwa iliyo mbele ya boksi. Geuza pawa saplai usome lebo ya ubavuni, kwenye safu ya +12V. Prosesa na kadi ya grafiki hula kutoka hapo. Zidisha ampia kwa 12. Nimeona vifaa vimeandikwa 500W kwa herufi nyekundu huku safu ya +12V ikisema ampia 18. Mara 12, hiyo ni wati 216! Kifaa hicho kinafaa mashine ya ofisi isiyo na kadi, basi. Kingine cha kupima ni uzito: kishike mkononi, na kikiwa chepesi kama boksi tupu la biskuti kirudishe. Alama ya 80 Plus Bronze, ya kutopoteza umeme mwingi, ni mwanzo mzuri, ingawa stika huchapishwa popote, hata hapo Nasser Road, kwa hiyo lebo na uzito lazima vikubaliane nayo.

Pawa saplai za bei ya chini bado huja na swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko mmoja, na hapo umeshanunua nyingine.

Kisha UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Wauzaji hutaja VA, wewe uliza wati. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba chini ya wati 400, na kwa mashine tuliyoihesabu juu hiyo ni karibu na ukingo. Kazi ya UPS ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa adabu, si kumalizia harusi nzima ukiwa gizani. Chagua yenye kirekebishi cha volti ndani, au uweke stabilaiza kabla yake. Usichomeke printa ya leza kwenye upande wa betri, maana inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS huzimika au kuharibika. Kama nyumba yako inategemea inverta na betri za sola, uliza kama inverta inatoa wimbi safi la umeme. Pawa saplai za kisasa huweza kugoma kwenye inverta za bei rahisi, na fundi atamlaumu kila mtu isipokuwa inverta.

Halafu waya wa athi (wa ardhini). Plagi yetu ina pini tatu kwa sababu, na ekstensheni ya pini mbili yenye adapta juu yake inaifuta sababu hiyo. Radi zikianza, chomoa mashine, na waya wa intaneti pia, kwa kuwa radi huingilia huko vilevile.

Kwa mashine ya kazi, mimi hutenga karibu moja ya saba ya bajeti kwa pawa saplai na UPS kwa pamoja. Wateja hulalamika. Wakirudi mwaka unaofuata kuongeza RAM badala ya kununua madabodi, hawalalamiki tena.

Hatua ya 3: Prosesa na madabodi vinunuliwe kwa pamoja

Havitenganishwi, kwa sababu soketi, yaani tundu la prosesa kwenye madabodi, lazima ilingane. Kwa mnunuzi wa kawaida kuna familia tatu za kujua.

AM4 ya AMD ni ya zamani kidogo, inatumia RAM ya DDR4, na vipuri vyake vimejaa sokoni. Ryzen 5 5600, yenye kore 6, bado ni farasi wa kazi. Angalia herufi: 5600 haina grafiki ndani, 5600G inayo. Usipokuwa na kadi ukanunua ya kwanza, skrini itabaki nyeusi. Pia, madabodi ya B450 iliyokaa rafuni tangu 2019 haitaitambua prosesa hiyo mpaka BIOS yake (programu ya ndani ya madabodi) isasishwe. Mwambie muuzaji aifanye hapohapo, au achague B550 na bado athibitishe.

LGA 1700 ya Intel inapokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14. Baadhi ya madabodi zake hutumia DDR4, nyingine DDR5, na hakuna inayokubali zote mbili kwenye nafasi moja, kwa hiyo soma boksi. Herufi F mwishoni, kama i3-12100F, maana yake haina grafiki. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu kubwa zilipata tatizo la kuharibika taratibu kwa volti iliyozidi. Intel ilianza kutoa marekebisho ya BIOS mnamo Agosti 2024. Ukinunua iliyotumika, huwezi kujua iliishi vipi kabla ya hapo. Mimi huziacha.

AM5 iliingia 2022 na inatumia DDR5 tu. Ni nzuri kwa mwenye bajeti pana anayetaka kubadilisha prosesa baadaye bila kubadilisha madabodi. Kwa wengine, AM4 au LGA 1700 ya DDR4 inaacha pesa za vitu vingine, na ikiungua saa nne asubuhi unapata nyingine kabla ya jioni.

Kwenye madabodi yenyewe hesabu nafasi za RAM (nne ni bora kuliko mbili), nafasi za M.2 (za SSD nyembamba), na kama kuna vipoza joto vya chuma karibu na soketi. Taa za rangi hazihesabiwi.

Hatua ya 4: RAM

Bei ya RAM ilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025, baada ya vituo vya data vya akili bandia kuanza kuzoa chipu za kumbukumbu, kwa hiyo usiamini bei uliyosimuliwa na rafiki aliyeunda mashine kabla ya hapo. Nunua mbili za GB 8 kuliko moja ya GB 16: zikifanya kazi pamoja hupitisha data kwa upana maradufu, na kwenye prosesa yenye grafiki ndani tofauti inaonekana kwa macho. Kama bei imekushinda na madabodi ina nafasi nne, anza na mbili uongeze baadaye.

Kuna RAM za seva zinazouzwa kwa bei ya kuchekesha. Umbo lake kwa jicho ni lilelile, lakini kwenye madabodi ya kawaida haziwaki. Bei nzuri kupita kiasi, uliza ilitoka kwenye nini.

Hatua ya 5: Diski

Mfumo na programu ziwe kwenye SSD, bila mjadala. M.2 ni umbo tu. Ndani yake kuna za SATA, zinazofika karibu MB 550 kwa sekunde, na za NVMe, ambazo hata za kizazi cha tatu huweza kuvuka MB 3,000. Muuzaji akisema "hii ni M.2" hajajibu swali. Video za harusi zilizokwisha kuhaririwa ziweke kwenye hard disk ya kawaida, ni nafuu kwa kila GB.

SSD bandia zipo, hasa za jina usilolijua zenye TB nyingi. Kompyuta huonyesha TB 2, lakini ndani kuna sehemu ndogo tu, na faili zinazozidi hupotea kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw hujaza diski yote na kuisoma tena. Inachukua muda, iache usiku. Kwa diski iliyotumika, CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizofanya kazi na afya yake.

Hatua ya 6: Kadi ya grafiki

Hapa ndipo ulaghai ulipo. Kuna kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite jina jipya, mfano GTX 1050 Ti ambayo ndani ni chipu ya familia ya GTX 400 au 500. Windows itaamini. GPU-Z haiamini: tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina inapoitambua. Ni programu ndogo, iweke kwenye flashi uende nayo dukani.

Kama pawa saplai yako ni dhaifu na huna pesa ya kuibadilisha, tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada. Inakula wati 75 kutoka kwenye madabodi. RX 6600 na RTX 4060, zote za GB 8, zinatosha kwa gemu za 1080p. Mhariri wa video ataona faida ya GB 12 za RTX 3060. Pima urefu wa kadi na wa kasha kwa rula kabla ya kulipa.

Hatua ya 7: Kasha

Vumbi letu jekundu la murram linaamua. Uso wa mbele uwe na matundu na chujio linalotoka bila bisibisi, feni mbili zikiingiza hewa na moja ikitoa. Kasha la kioo mbele linapendeza kwenye picha na kukosa hewa mezani. Kasha lililokuja na pawa saplai ndani, lichukue kasha, pawa saplai hiyo igawe.

Njia ya mkato, na mtego wake

Wengi watakwambia ununue Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba kutoka ofisi za Ulaya uongeze kadi. Kwa kazi za ofisi, nakubali, ni mashine imara. Lakini pawa saplai zake nyingi zina plagi za kampuni yenyewe: OptiPlex 7020 na 9020 za zamani hutumia waya mkuu wa pini 8 badala ya 24 za kawaida. Ikiungua, ile ya dukani haiingii bila adapta, na kwenye kasha dogo haitoshei pia. Angalia na kizazi. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. OptiPlex 7060 inapita, 7020 na 9020 hizo za zamani hazipiti.

Hatua ya 8: Kununua

Luthuli Avenue, Nairobi, huwa na aina nyingi kuliko hapa, na basi la usiku linakufikisha. Kabla ya kufurahia bei, piga hesabu ya nauli, ya mpaka wa Busia au Malaba, na ya kurudisha kitu kikifa ndani ya waranti. Mimi hununua pawa saplai, madabodi na RAM hapa Kampala, kwa sababu ndivyo hurudishwa mara nyingi zaidi. Kasha na feni vinaweza kutoka popote.

Risiti iandikwe namba ya mfululizo (serial number) ya kila kifaa, si "computer parts" na jumla chini. Piga picha ya namba hizo pia.

Mwisho, mwambie muuzaji aunganishe madabodi, prosesa, RAM moja, pawa saplai na skrini juu ya boksi hapo kaunta, nje ya kasha. Ingia BIOS. Angalia jina la prosesa na GB za RAM, kisha ubadilishe RAM ya kwanza na ya pili, na ujaribu kila nafasi. Chomeka SSD ionekane. Weka kadi, ingia Windows ya majaribio, fungua GPU-Z. Iache iwake huku ukipatana bei ya waya wa skrini. Akikataa kuiwasha mbele yako, mshukuru, panda ngazi. Kwenye arkedi za mjini ghorofa ya juu huwa na duka lingine la vipuri hivyohivyo.