Meli ya kitalii ukiwa peke yako: kuwahi kurudi kabla ngazi haijaondolewa

Ukisafiri peke yako kwenye meli ya kitalii, hakuna mwenzako wa kuuliza "mbona fulani hajarudi?" Mezani hawakungojei, na chumbani hakuna anayeona kitanda kitupu. Meli yenyewe inajua, kwa sababu kadi yako ilisomwa na mashine ulipotoka na haijasomwa tena. Lakini kujua si kungoja. Jina lako litaitwa kwenye vipaza sauti mara mbili tatu, kisha ngazi itaondolewa. Gati limekodiwa kwa muda maalumu, rubani wa bandari ameshapanda, na kila dakika inayopotea italipiwa kwa mafuta usiku kucha ili bandari ya kesho ifikiwe kwa wakati. Aliyezoea boti za Dar na Unguja anaijua hali hii, ila pale kuna boti nyingine baadaye. Hapa hakuna.

Mifano ya hapa inatoka Bahari ya Kati, maana huko ndiko meli hutia nanga mbali na miji ambayo watu wamekuja kuiona.

Saa ipi hasa?

Ratiba ya siku, ile karatasi inayoachwa chumbani jioni au inayosomwa kwenye programu ya simu, ina saa mbili: ya meli kuondoka, na ya mwisho ya abiria kuwa ndani. Yako ni hiyo ya mwisho. Kwa kawaida huitangulia ya kuondoka kwa dakika 30, na bandari nyingine kwa saa nzima. Mahali ambapo meli inatia nanga nje na watu wanapelekwa pwani kwa mashua, inayokuhusu ni saa ya mashua ya mwisho kutoka nchi kavu.

Kuna mtego unaotunasa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Saa ileile, 17:00, inaweza kupita kichwani kwa sura tatu: kumi na saba ya ratiba, tano ya dereva anayesema Kiingereza, na kumi na moja ya kwetu. Siku ya uchovu na jua kali, moja huingia mahali pa nyingine. Usitafsiri kabisa. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, nakili tarakimu kama zilivyoandikwa kwenye ratiba, na hata ukijisemea moyoni, sema "kumi na saba".

Mtego wa pili ni saa ya meli. Si lazima meli ifuate saa za nchi iliyofika. Tunisia haibadilishi saa wakati wa kiangazi, Italia inabadilisha. Kwa hiyo Julai, meli ikitoka Italia kwenda La Goulette, bandari ya Tunis, simu yako hujirudisha nyuma saa moja yenyewe huku meli ikiweza kubaki na saa za Italia. Simu ikikuonyesha 16:00, ngazini ni 17:00. Dawa yake ni saa ya mkononi, hata ya bei ndogo, isiyojua intaneti. Iweke sawa na saa ya meli kabla hujashuka, na uulize mapokezi: "Leo tunatumia saa za meli au za hapa?" Waulize hata kama jana uliwauliza.

Hesabu ya kurudi nyuma

Watu wengi huhesabu kuanzia asubuhi: tutaona hiki, halafu kile, halafu turudi. Hesabu sahihi inaanzia ngazini na kurudi nyuma. Tuchukue Roma. Bandari yake ni Civitavecchia, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka mjini. Tuseme mwisho wa kupanda ni 18:30.

Jiwekee lengo la kukanyaga ngazi ya meli 17:00, saa moja na nusu kabla. Muda huo ni nafasi ya treni moja kukosekana na nyingine kuchelewa, kwa hiyo usiutumie kununua zawadi. Basi la kutoka Largo della Pace, kituo cha mabasi ya bandari, hadi melini lihesabie dakika 30 pamoja na foleni, maana alasiri wote wanarudi kwa mpigo. Uwe hapo 16:30. Kutoka stesheni ya Civitavecchia hadi hapo kwa miguu weka dakika 20, hivyo treni iwe imefika 16:10. Kutoka Roma San Pietro, stesheni iliyo karibu na Vatikani, weka saa nzima: treni ya 15:10 au ya kabla yake. Uwe jukwaani 14:50. Toka uwanja wa Mtakatifu Petro 14:35.

Sasa unaona siku yako ilivyo. Meli iliyofunga kamba 07:00 asubuhi haikupi siku nzima Roma. Inakupa saa tano hivi. Chagua mambo mawili. Makumbusho ya Vatikani pekee yanaweza kula tatu kati ya hizo, na ndani yake mwendo ni wa msongamano, huwezi kuamua kutoka ukatoka papo hapo.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kidogo cha jukwaani kabla ya kupanda. Kubwa zaidi ni migomo. Jioni ya kuamkia bandari ya Italia, tafuta neno *sciopero*, yaani mgomo, pamoja na tarehe ya kesho. Migomo ya treni hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa zinazohakikishwa ni za 6:00 hadi 9:00 na 18:00 hadi 21:00. Tazama vizuri saa hizo: asubuhi utakwenda bila shida yoyote, na alasiri, unapotaka kurudi, hakuna uhakika wa treni hata moja. Siku ya mgomo, usiende Roma kwa treni.

Peke yako, au na ziara ya meli?

Ziara iliyouzwa na meli yenyewe ina faida moja inayozidi nyingine zote: basi likichelewa, meli hungoja, au kampuni hugharamia kukufikisha bandari inayofuata. Ukijitegemea, kuchelewa ni kwako. Kwa hiyo, mji unaofikika kwa miguu, nenda mwenyewe. Safari ya treni moja ya moja kwa moja, nenda mwenyewe kwa hesabu. Pakiwa na kubadilisha usafiri mara mbili au zaidi, lipia meli. Bandari ya Livorno, Italia, kwenda mji wa Firenze (Florence) ni mfano: basi la kutoka bandarini, kwa kuwa kutembea kati ya makontena hairuhusiwi, kisha usafiri hadi stesheni, kisha treni ya karibu saa moja na nusu, na yote hayo tena kwa kurudi. Meli nyingi huuza pia usafiri mtupu bila mwongozaji, basi la kwenda na kurudi tu. Kwa msafiri wa peke yake hicho ndicho kitu bora kwenye orodha nzima.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni suala jingine. Meli hutia nanga nje, mashua hukushusha bandari ya zamani, na mji wa Fira uko juu ya genge. Kushuka kuna njia mbili: vigari vinavyoning'inia kwenye waya, au ngazi zaidi ya 580. Meli kadhaa zikiwepo siku moja, foleni ya vigari alasiri inaweza kupita saa nzima. Watu husema "tutashuka kwa ngazi", kisha wanakuta mawe yamesuguliwa na kwato za punda mpaka yanang'aa, samadi mbichi juu yake, na punda wenyewe wakipanda katikati ya njia. Kwa kandambili hapafai. Ingia foleni saa mbili kabla ya mashua ya mwisho.

Mfukoni na nyumbani

Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu: jina la meli, jina la gati, saa ya mwisho, na namba ya wakala wa meli wa bandari hiyo. Namba hiyo imo kwenye ratiba ya siku, na wengi hawaisomi kamwe. Ongeza kadi ya benki, yuro 200 taslimu zisizoguswa, chaja ya akiba, na dawa zako za siku mbili. Pakua ramani kabla, uweke alama kwenye geti la bandari ulilotokea.

Pasipoti inahitaji kufikiriwa. Mahali pa karibu, iache kwenye kasha la chumbani, maana ukikosekana ndimo wahudumu watakapoitafuta ili wamwachie wakala. Ukienda mbali, na kama meli haijaichukua mapokezi, ibebe ndani ya nguo. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda kuna zaidi: safari ikitoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwenda Uturuki au Tunisia na kurudi, viza lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mara moja ikishatumika, hata ndege ya kuifuata meli Ugiriki huwezi kupanda.

Na mpe ndugu mmoja nyumbani kazi: "Nikiwa ndani nitakutumia ujumbe kabla ya 17:30 ya Italia, usipoupata nipigie." Kiangazi hiyo ni 18:30 kwa Dar es Salaam na Nairobi. Huyo ndiye mwenzako wa mezani.

Ukiona huwahi

Mpigie wakala ukiwa bado njiani, si baada ya meli kuondoka. Wakati mwingine dakika kumi hupatikana kwa sababu meli inajua uko wapi. Kisha nenda bandarini hata kama umechelewa, kwani pasipoti na dawa zako zinaweza kuwa zimeachwa huko. Usikodi boti kuifuata meli.

Usinunue tiketi ya kwenda bandari inayofuata kabla wakala hajathibitisha kwamba utapokewa na kwamba nchi hiyo itakuruhusu kuingia. Machi 2024 abiria wanane walioachwa São Tomé baada ya ziara yao binafsi kuchelewa walisafiri mpaka Gambia kuiwahi meli. Meli ikashindwa kutia gati Banjul kwa sababu ya hali ya hewa na maji. Wakaipata Dakar, Senegal, siku kadhaa baadaye.

Tunza risiti zote, na uombe kwa wakala barua inayoeleza sababu ya kuchelewa. Baadhi ya bima hulipa treni ikiharibika au barabara ikifungwa. Kwa aliyesahau saa hazilipi.