Kabla hujaufungua mkanda wa zamani wa picha za rangi

Mkanda wa kamera uliokaa kabatini tangu enzi za bibi husafishwa, yaani hutiwa dawa ili picha zitokee, mara moja tu, hauna marudio. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta dawa, soma maandishi ya kwenye mkebe wake. Ukiona C-41, mfumo wa kusafishia mikanda ya rangi ulioletwa na Kodak mwaka 1972, usiwe na wasiwasi, dawa zake zinatengenezwa hadi leo. Ukiona C-22, mfumo uliotangulia huo, simama hapo hapo. Mikanda hiyo ilikusudiwa joto la nyuzi 24 hivi. Ukiitia kwenye dawa ya C-41, ambayo hutumika kwa nyuzi 37.8, utando wenye picha hulainika na unaweza kubanduka, na sura iliyobanduka haiokoteki.

Mimi mkanda wa C-22 huusafisha kwa dawa ya picha nyeusi na nyeupe, nyuzi 20, kisha fiksa, dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga. Rangi zinapotea, watu wanabaki. Blichi, ile dawa ya mikanda ya rangi, usiilete karibu kabisa: inaiondoa fedha, yaani madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda, na hapo fedha ndiyo picha yenyewe.

Kwa hali ya hewa ya Unguja na Pemba, kupata nyuzi 20 maana yake ni barafu, maana maji ya bomba mchana ni vuguvugu. Kwa C-41 utahitaji beseni la maji ya moto, kipimajoto cha kuaminika na saa: dawa ya kwanza ni dakika 3 na sekunde 15. Maji yawe yameshajazwa ndooni, bomba lisije likakauka katikati ya kazi. Ya kuchanganyia dawa na ya suuza ya mwisho yawe yaliyotoneshwa (distilled), kwani maji ya kisima yenye chokaa huacha madoa.

Wengi huuliza habari ya taa nyekundu. Hiyo ni ya kuchapia picha nyeusi na nyeupe. Mkanda wa rangi unataka giza totoro mpaka uingie tangini, chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga, na kifuniko kifungwe. Subiri usiku, chumba cha ndani, kanga chini ya mlango. Jizoeze kwanza kuuviringisha mkanda mbovu huku umefumba macho, mpaka vidole vizoee.

Glavu, madirisha wazi baada ya tangi kufungwa, na vyombo visivyorudi jikoni.

Tena waulize wenye mkanda kabla hujaanza. Picha za harusini, wanawake wakiwa ndani bila buibui, hazikupigwa zionwe na kila mtu. Mkubaliane mapema nani atazitazama.